Sura Haimo Kiooni

Katika miaka yote niliyosahihisha insha za wanafunzi wa sekondari, hakuna sentensi niliyokutana nayo mara nyingi kuliko hii: fasihi ni kioo cha jamii. Imo katika madaftari ya kidato cha pili, imo katika majibu ya mitihani ya kidato cha sita, na tangu nistaafu naikuta pia katika dibaji za diwani ninazoletewa na washairi vijana. Mwandishi huiweka, hutia nukta, kisha huendelea na safari yake kana kwamba neno limekwisha. Sikuwahi kuipitishia kalamu nyekundu, maana si kosa. Lakini chuo cha ualimu kilinifunza masomo mawili ambayo wengi huona hayapikiki chungu kimoja, Kiswahili na Fizikia. Kwa hiyo kila nilipoisoma, nusu yangu iliridhika na nusu ya pili iliuliza: huyu anayetaja kioo, anajua kioo hufanya nini?

Wanaoitumia sentensi hiyo huwa na picha moja kichwani. Jamii imesimama mbele, kioo kimeipokea sura yake, na sura hiyo sasa imo ndani ya kioo, imetulia, tayari kutazamwa na yeyote apitaye. Mhakiki naye huijengea hukumu juu yake: mwandishi huyu hakuakisi ukweli, kioo chake kimepinda. Msifu na mlaumu wote wawili wanaamini kwamba sura imo kiooni. Binadamu waliamini hivyo kwa muda mrefu sana, na habari ya jinsi walivyoachana na imani hiyo ina uhusiano na sisi Waswahili kuliko tunavyodhani. Mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wote katika jambo hili aliandika kwa Kiarabu, na maneno yake makuu manne au matano tunayo vinywani mwetu kila siku.

Kioo chenyewe ni kikongwe. Huko Çatalhöyük, katika nchi iitwayo leo Uturuki, wachimbuzi wamefukua vioo vya mawe meusi ya volkano yaliyosuguliwa mpaka yakang'aa, na umri wake ni kama miaka 8,000. Wamisri wa kale walitengeneza vyao kwa shaba, vya mviringo kama jua, na neno lao la kioo lilikuwa ankh, lilelile lililomaanisha uhai. Wapenzi wa lugha nawaachia hilo mlitafune. Lakini kujitazama ni jambo moja, na kujua kwa nini unajiona ni jambo jingine, na kwa hili la pili inabidi twende kwa Wayunani.

Wayunani wa elimu ya hesabu, akiwemo Euclid aliyefundisha Iskandaria yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, waliamini kwamba jicho ndilo litoalo miale. Miale hiyo hutoka machoni kwa mistari iliyonyooka, hukiendea kitu, hukigusa, na hapo ndipo tunapokiona, mfano wa kipofu anavyokigusa kitu kwa fimbo yake. Ikikutana na kioo, miale hiyo hudunda na kwenda kwingine. Leo tunacheka. Tusicheke haraka: Kiswahili chetu bado husema mtu ametupa jicho, na macho ya fulani yana makali. Lugha zina kumbukumbu ndefu kuliko wasemaji wake.

Jambo la ajabu ni kwamba, wakiwa wameshika imani hiyo, Wayunani waliipata kanuni ya kioo bila dosari. Mwale unaokiendea kioo na mwale unaoondoka hufanya pembe zilizo sawa na uso wa kioo. Heron wa Iskandaria, katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alitoa sababu nzuri sana ya jambo hili, nami nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu kwa mfano wa mchota maji. Mama ametoka nyumbani kwake, anataka kuchota maji mtoni kisha ayapeleke shambani. Nyumba na shamba viko upande mmoja wa mto. Achote mahali gani ili safari iwe fupi kuliko zote? Fikiria nyumba ya pili ng'ambo ya mto, iliyo mbali na ukingo sawasawa na nyumba yake ya kweli. Kutoka nyumba hiyo ya kubuni, piga mstari ulionyooka hadi shambani. Pale mstari unapokata ukingo, hapo ndipo pa kuchotea. Na ukipima, utakuta njia ya kwenda na njia ya kuondoka zimefanya pembe zilizo sawa na ukingo wa mto. Heron alisema mwale hufanya vivyo hivyo: huchagua njia fupi.

Itazame tena ile nyumba ya ng'ambo. Haipo. Hakuna aliyeijenga, hakuna anayelala ndani yake. Lakini bila hiyo hesabu haikamiliki. Hiyo ndiyo taswira ya kiooni, na kwa maoni yangu hakuna maelezo mafupi ya kuizidi hiyo.

Ptolemy, ambaye naye alifanya kazi Iskandaria katika karne ya pili, hakuridhika na hoja tupu. Alichukua bamba la shaba lenye mviringo uliogawanywa kwa digrii, akaweka juu yake kioo bapa, kioo mbinuko na kioo mbonyeo kwa zamu, akapima. Pembe zilikuwa sawa kwa vyote. Kitabu chake cha elimu hiyo kilipotea kwa Kiyunani. Tulichonacho ni tafsiri ya Kilatini iliyofanywa huko Sisilia katika karne ya 12 na mtu aliyeitwa Emir Eugenius, naye aliitoa katika Kiarabu. Kabla ya hapo, Waarabu walikuwa wamekwisha kukisoma na kukijadili.

Basi tuje kwa mwenyewe. Abu Ali al-Hasan Ibn al-Haytham alizaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Kairo yapata mwaka 1040. Ibn al-Qifti, mwandishi wa tarehe za wanazuoni wa karne ya 13, amesimulia kisa chake ambacho wengi wamekirudia. Anasema Ibn al-Haytham alipata kutamka kwamba angekuwa Misri angeweza kuyatawala maji ya Nile. Khalifa al-Hakim, Mfatimi aliyetawala Kairo, akamwita na kumpeleka kusini mpaka upande wa Aswan. Njiani akayaona majengo makubwa ya Wamisri wa kale, akafikiri kwamba watu wenye ujuzi wa namna ile wangekwisha kulifanya jambo hilo kama lingewezekana. Akarudi na kukiri kushindwa. (Maji aliyoyatazama pale yalikuwa yamechanganyika na ya ziwa letu la Viktoria, yaliyopita Jinja, yeye hakuwa na njia ya kujua.) Kwa kumwogopa khalifa asiyetabirika, kisa kinaendelea, alijitia wazimu na kukaa ndani mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Baadaye aliishi karibu na msikiti wa al-Azhar, akijipatia riziki kwa kunakili vitabu vya hesabu. Kisa kina chumvi yake, kama visa vyote vya wanazuoni. Ila kitabu kipo.

Kitabu hicho, chenye majuzuu saba, kinaitwa Kitab al-Manazir. Ulisikilize jina hilo kwa sikio la Mswahili. Manazir ni wingi wa manzar, nalo ndilo neno tunaloliandika mandhari. Katika shina hilohilo la kutazama tumepata pia nadhari na nadharia. Mtu asiyejua Kiarabu hata harufi moja, akiambiwa kwamba kuna Kitabu cha Mandhari kilichoandikwa Misri karibu miaka 1,000 iliyopita, ameshaambiwa kinahusu nini.

Katika juzuu la kwanza Ibn al-Haytham anaigeuza safari ya mwale. Anasema, ukilitazama jua, jicho huuma; ukitazama kitu cheupe kwenye mwanga mkali kisha ukafumba macho, alama yake hubaki. Maumivu na alama ni dalili ya kutendwa, si ya kutenda: mwanga umekuja kwenye jicho, haukutoka humo. Na mwanga huo, shuaa kwa Kiarabu chake, neno ambalo washairi wetu wanalo, hutoka katika kila nukta ya kitu kinachong'aa au kilichoangazwa, ukaenda pande zote kwa mistari iliyonyooka.

Kuhusu kioo, jambo hili lilileta matokeo ambayo huwa yananifurahisha. Pembe zile zilizo sawa hazikuguswa. Njia ya mwale kati ya kitu, kioo na jicho ni ileile, iwe msafiri anatoka jichoni au anakwenda jichoni. Kazi yote ya Euclid, Heron na Ptolemy ilisimama palepale. Aliyegeuzwa ni msafiri, si barabara. Ndiyo maana watu walioamini jambo lisilo kweli kuhusu jicho waliweza kusema kweli tupu kuhusu kioo kwa zaidi ya miaka 1,000. Wanaodhani kwamba hoja sahihi huthibitisha msingi wake, walifikirie hilo.

Juzuu la nne, la tano na la sita yote ni ya kioo, na hapa ndipo maneno yetu yanapomiminika. Kitendo cha mwanga kudunda anakiita in'ikas. Shina lake ni 'aks, kugeuza au kupindua, na ndilo lililotupa akisi na aksi: la kwanza la mwanga na la pili lenye maana ya kinyume. Kwa hiyo mtu asemaye fasihi huakisi jamii amesema, kwa asili ya neno lake, kwamba fasihi huigeuza jamii. Neno halikuwahi kudai kwamba kioo hunakili.

Kile ambacho mwanga hukibeba kutoka kwenye kitu anakiita sura. Nasi tunasema sura. Hapa nitoe angalizo dogo kwa wapenda asili ya maneno, maana Kiswahili kimeyakunja maneno mawili ya Kiarabu kuwa moja. Sura ya kitabu inatokana na neno linaloandikwa kwa sini. Sura ya mtu inatokana na neno linaloandikwa kwa sadi. Mwarabu huyasikia mbali. Sisi tumeyaunganisha, na wako washairi waliokwisha kunufaika na uunganishaji huo. Kutoka kwenye lile la sadi ndiko kulikotoka taswira, neno ambalo mwalimu wa Fizikia hulitumia kwa kinachoonekana kiooni, na mwalimu wa Kiswahili hulitumia kwa picha iundwayo na shairi akilini. Walimu hao hukaa chumba kimoja cha walimu na wasijue kwamba wanagawana neno la Ibn al-Haytham.

Lakini neno alilolichagua kwa ile sura inayoonekana nyuma ya kioo ni jingine, nalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Anaiita khayal. Juzuu la tano linahusu mahali zilipo khayalat, yaani sura zinazoonekana ndani ya miili iliyosuguliwa. Na khayal, kabla ya kuingia katika hesabu, lilikuwa neno la washairi. Katika mashairi ya kale ya Kiarabu, khayal ni kivuli cha mpenzi aliye mbali kinachomjia mshairi usiku akiwa njiani, kikasimama mbele yake, na akinyoosha mkono hakishikiki. Mwanazuoni alipotafuta jina la kitu kinachoonekana waziwazi mahali ambapo hakuna kitu, hakuunda neno jipya. Alilikuta limeshatengenezwa na malenga.

Kwamba hakuna kitu pale ni jambo linaloweza kuonyeshwa darasani bila maabara. Nilikuwa nikichukua kipande cha kioo cha dirisha, nikakisimamisha wima mezani, na kufunga mapazia. Mbele ya kioo, kwa umbali wa sentimita 30, niliwasha mshumaa. Nyuma ya kioo, kwa umbali uleule, niliweka mshumaa wa pili wa kimo kilekile usiowashwa. Darasa, likitazama kutoka mbele, liliuona mshumaa wa nyuma ukiwaka. Nilipotia kidole juu ya utambi wake, walioketi mbele walipiga kelele. Kidole kilikuwa ndani ya moto na hakiungui. Kisha niliusogeza ule mshumaa mpaka sentimita 40. Sasa mwanafunzi aliyeinamisha kichwa kushoto na kulia aliuona mwali ukihama na kuachana na utambi. Ni sentimita 30 peke yake ndipo mwali unapotulia juu ya utambi, popote mtazamaji aketipo.

Maelezo yake ni haya. Kutoka katika ncha ya mwali wa kwanza, mwanga hutawanyika kila upande. Sehemu yake hukipiga kioo, na kila mwale hudunda kwa pembe yake. Ikitoka hapo, miale inaendelea kutawanyika, na mtawanyiko wake ni sawasawa na wa miale ambayo ingetoka katika nukta moja iliyo nyuma ya kioo, umbali uleule. Jicho halijui habari za kudunda. Limezoea tangu utotoni kwamba mwanga hunyooka, basi hulifuata lilichopokea kwa mstari ulionyooka mpaka nyuma ya kioo, na kukiweka kitu huko. Ukuta uliopakwa chokaa nao hudundisha mwanga, pengine kwa wingi, ila kwa sababu uso wake una vijibonde na vijilima vidogo sana, kila mwale huenda kivyake na ule mpangilio hupotea. Tunauona ukuta, hatujioni.

Walikuwepo waliobisha. Walisema sura huchapwa juu ya kioo, kama muhuri juu ya nta. Ibn Sina, aliyekuwa hai katika zama hizohizo (alifariki mwaka 1037), aliijibu rai hiyo kwa hoja ambayo msomaji anaweza kuipima leo asubuhi. Kama sura imechapwa juu ya kioo, basi itakaa mahali pamoja juu ya kioo hicho. Simama mbele ya kioo na mwenzio, kisha kwa kipande cha sabuni tia nukta pale unapoiona pua yake. Sogea hatua moja pembeni, yeye asisogee. Nukta imebaki, pua imeondoka. Mwambie naye aitazame nukta uliyotia: kwake haipo juu ya pua yake, bali juu ya kitu kingine kabisa. Kila jicho hutumia kipande chake cha kioo. Watu 40 mbele ya kioo kimoja hawatazami sura moja iliyobandikwa. Kila mmoja anapokea miale yake.

Ndiyo maana pia kioo cha kujitazama mwili mzima hakihitaji kuwa kirefu kama wewe. Mwenye kimo cha sentimita 170 anatosheka na kioo cha sentimita 85, mradi kitundikwe mahali pake, na akirudi nyuma hatua 10 hataongeza hata ukucha. Wateja wengi wa maseremala hawaamini mpaka wapime.

Na ule ubishi wa kushoto na kulia? Tunasema kioo hugeuza kulia kuwa kushoto, kisha tunashangaa kwa nini hakigeuzi juu kuwa chini. Hakigeuzi lolote kati ya hayo. Mkono wako wa mashariki unaonekana mashariki, kichwa kinaonekana juu. Kinachogeuzwa ni mbele na nyuma: wewe unaelekea kusini, sura inaelekea kaskazini. Ni sisi tunaojiweka kwa fikra katika nafasi ya yule mtu wa kiooni, kana kwamba amezunguka kutukabili, ndipo tunapomkuta na saa mkono usio wake. Neno aksi lilikuwa limeshatuambia.

Ibn al-Haytham hakukomea kioo bapa. Alichunguza aina saba: bapa, kisha tufe, mcheduara na pia, kila moja kwa upande wake uliobinuka na upande wake uliobonyea. Akaeleza namna ya kutengeneza chombo cha kuzipimia zote, na akajiwekea swali ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake: ukipewa mahali pa kitu, mahali pa jicho na kioo cha tufe, mwanga utadunda katika nukta gani? Kwa kioo bapa ni swali la mchota maji, na mtoto hulijibu. Kwa tufe lilimtoa jasho. Alilitatua kwa kukatana kwa mikunjo, kwa uthibitisho mrefu unaochosha hata kuufuata. Christiaan Huygens alilirudia katika karne ya 17 na kupata njia nadhifu zaidi, na karne ya 20 ndiyo iliyothibitisha kwamba rula na bikari peke yake haviliwezi.

Kitabu kilipofika Ulaya, yapata mwaka 1200, kilivaa Kilatini. In'ikas ikawekewa reflexio, sura ikawa forma, khayal ikawa imago. Mwandishi akawa Alhacen, baadaye Alhazen, kutokana na jina lake al-Hasan. Kikachapishwa Basel mwaka 1572. Mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki, aliyefundishwa somo hili kwa Kiingereza, hupewa maneno yaliyotoka katika Kilatini hicho, na akitoka darasani huenda kusema akisi, sura, taswira na mandhari sokoni, bila kuambiwa kwamba amebeba mfukoni jamaa wa maneno ya kitabu chenyewe. Wataalamu wetu walijitahidi: TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Lakini istilahi bila darasa ni mbegu ghalani.

Limebaki fundo moja. Wakale wote, Ibn al-Haytham akiwemo, walikuwa na kanuni ya kupata mahali pa khayal: piga mstari kutoka kwenye kitu, usimame wima juu ya kioo, uurefushe mpaka ukutane na mwale wa jicho uliorefushwa nyuma. Kwa kioo bapa kanuni hiyo haikosei. Mwaka 1604 Johannes Kepler, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Prague, alionyesha kwamba katika vioo vilivyopinda huweza kupotoka, na kwamba cha kufuata si mstari ule wima bali mtawanyiko wa miale yenyewe inayoingia machoni. Katika kioo cha tufe, mahali pa taswira huweza kuhama kidogo mtazamaji ahamapo. Dereva wa daladala anayekitazama kioo chake cha pembeni, saitimira kama wanavyoiita wenyewe, anashughulika na jambo la jamii hii kila siku: kioo hicho kimebinuka, gari la nyuma linaonekana dogo, na asiyezoea hudhani liko mbali.

Kepler huyohuyo aliona kwamba jina moja halitoshi. Alitenga imago na pictura. Imago ni ile ambayo jicho huiweka mahali ambapo miale haikupita kamwe, kama mwali wetu nyuma ya kioo cha dirisha. Pictura ni pale ambapo miale hukutana kweli na kuchora kitu juu ya karatasi au ukuta, na juu ya retina iliyo nyuma ya jicho, pawepo mtu au pasiwepo. Vitabu vyetu husema taswira isiyo halisi na taswira halisi. Istilahi hizo zinatosha kwa mtihani, ila naona ile ya kwanza imeonewa, imeitwa kwa upungufu wake. Ningekuwa na sauti katika kikao cha istilahi, ningeomba lile neno la washairi lirudishwe. Kwa sababu shairi nalo liko upande huo. Halichori jamii karatasini ikabaki pale hata wasomaji wakifa wote. Hupeleka kitu kwa msomaji kwa mpangilio fulani, na msomaji, akifuata mstari, hukiona kimesimama mahali ambapo hakuna kitu. Kama fasihi ni kioo, basi kuna swali ambalo mhakiki hawezi kulikwepa: msomaji amesimama wapi?

Anayetaka kuiona tofauti ya Kepler kwa macho yake achukue kile kioo cha kunyolea ndevu kinachokuza uso, ambacho kimebonyea. Mchana, chumba kikiwa na dirisha moja lililo wazi, akae mbali nalo na akielekeze kioo dirishani. Ashike karatasi nyeupe mbele ya kioo, pembeni kidogo isizibe mwanga, aisogeze mbele na nyuma taratibu. Katika umbali mmoja tu, dirisha litajichora karatasini, na mnazi ulio nje utatokea ukining'inia kichwa chini, majani yake yakicheza kwa upepo, rangi zote zimo. Akikiegemeza kioo na karatasi mahali pake na kutoka nje, mnazi utaendelea kucheza humo ndani peke yake. Kisha aweke kioo bapa cha kawaida mahali pa kile cha kwanza: mwangaza mtupu utaanguka juu ya karatasi, na mnazi hautaonekana hata akiisogeza mpaka jioni.